Njia ya Kumwona Mzazi

Nkoasiru, Meru
21 Julai 2024

Kwako Shangazi Elieshi,

Shikamoo. Huku ni baridi na ukungu. Mlima hatujauona tangu wiki iliyopita, na Bibi anasema umeficha uso kwa aibu ya bei ya kahawa. Anakohoa kidogo, lakini jana alipanda mwenyewe shambani akawagombeza wachumaji kwa kuvunja matawi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Baba yuko Serengeti na wageni. Mama anauliza kama huko Bor, Sudan Kusini, unapata maharage ya maana. Kaka Bariki anakusalimu, anafuga ndevu siku hizi, na tukikaa karibu naye tunaziona.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini mara ya mwisho wewe mwenyewe ulicheka ukasema umeongea na pumzi yangu. Kwenye simu maneno yananikauka, kwenye karatasi hapana. Tena Bibi anapenda barua za karatasi kwa sababu anaweza kuniambia nizisome upya. Nitakuwa naziacha Usa River kwenye duka la dawa, dada Fransiska wa ofisini kwenu azichukue akipita likizo. Nitaandika habari za nyumbani kwanza, kisha nipige mstari. Chini ya mstari ni yetu wawili, Bibi simsomei.

———

Shangazi, matokeo ya kidato cha sita yametoka, nimepata daraja la pili. Baba anataka niende ualimu. Mimi nataka kazi kama yako, ya kupatanisha watu. Sijawahi kulisema hili kwa sauti, hata kwa Mama.

Mchungaji ameniunganisha na shirika moja dogo pale Elerai, Arusha mjini. Kazi yao ni kusikia ugomvi kabla haujawa vita: mipaka, malisho, mifereji. Najitolea, nauli wananipa. Mratibu anaitwa Ludovick, mtu wa Kibosho, anamwita kila mtu mheshimiwa, mpaka fundi wa choo. Kazi yangu ni kupanga viti kwenye warsha na kugawa maji ya kunywa. Wenzangu wana digrii, wanaongea Kiingereza kama wanakimbizwa. Nikiulizwa jambo najibu kwa kichwa.

Niambie ulianzaje. Ulikuwa na haya kama mimi? Na unafanyaje ugomvi ukiwa wa kwenu? Nauliza kwa sababu mwaka huu watu wetu wa juu wamelima sana nyanya na kabichi za kuuza, na maji ya mfereji hayafiki bondeni, kwao Bibi alikozaliwa. Vijana wa huku wanalinda banio, pale maji yanapotoka mtoni kuingia mfereji, na Bariki ni mmoja wao. Ofisini wamenichukua kwa kuwa natoka Nkoasiru. Hawajui kuhusu Bariki.

Mtoto wako,
Tabea

*

Bor
2 Septemba 2024

Tabea mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Mwambie mama yangu asipande tena shambani kwenye ukungu. Najua hatasikia, lakini mwambie ili nisiwe nimenyamaza. Mwambie Mama Bariki kwamba maharage yapo ila yanachemka tangu asubuhi hadi ibada iishe. Maji ya mto yamepanda, tunavaa buti mpaka kwenye mikutano. Mimi mzima.

———

Sasa tuongee. Nilikuwa na haya kuliko wewe. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba viti, na nakuambia usiidharau kazi hiyo. Anayepanga viti ndiye anayeona nani kakisogeza chake mbali na nani. Wenye digrii huona kile kilichosemwa tu. Jifunze kuandika vizuri, kwa Kiswahili na Kiingereza. Omba kwenda kijijini hata kama hakuna posho. Usikatae kumsikiliza mtu anayerudiarudia.

Kuhusu Bariki, mwambie huyo Ludovick wewe mwenyewe, wiki hii. Akilisikia kwa mwingine ataona umewekwa hapo na watu wa juu. Na nyumbani wataona umewekwa na ofisi. Ugomvi wa kwenu haufanyiki kama wa wengine. Mimi nilikuja huku mbali, sitakudanganya, sababu moja ni hiyo.

Shangazi yako

*

Nkoasiru
1 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia mwezi wa kumi, imekunjwa kama kitambaa, lakini ilisomeka. Kahawa imeisha kuchumwa. Bibi amepona kikohozi, sasa anaumwa goti, na anasema ni afadhali maana goti halimzuii kuongea. Baba kapata wageni wa Krismasi, hatakuwepo. Ng'ombe mwekundu kazaa ndama jike, Mama anafurahi kama kazaa yeye.

———

Nilimwambia Ludovick kuhusu Bariki. Nilisimama mlangoni kwake kwa muda mrefu mpaka akasema, "Mheshimiwa, ingia au toka, unaniletea baridi." Nikasema kwa pumzi moja. Akasema ahsante, na kwamba nisiende kwenye vikao vya banio, nifanye mengine. Kwa hiyo ulikuwa sahihi.

Lakini mambo yaliharibika huku. Mwezi wa tisa watu wa bondeni walipanda kufungua banio, wakapigana na vijana wetu. Kijana wa kwao alivunjwa mkono. Tangu hapo njia ya kushuka imefungwa. Kwenye kidaraja wanakaa vijana wa pande zote mbili, wa kwetu huku, wa kwao kule, na kila anayepita anaulizwa ni mtoto wa nani na anafuata nini. Mwenye duka wa bondeni hapandi, mwenye ndizi wa juu hashuki. Ofisi iliitisha mkutano mara mbili hapa Usa. Mara ya kwanza walikuja wa juu tu. Mara ya pili walikuja wote, wakala chakula, wakaondoka bila kusalimiana.

Sasa sikiliza. Rachel, mke wa mjukuu wa Bibi Penina kule bondeni, alijifungua mtoto wa kiume katikati ya Novemba. Bibi akasema, "Mdogo wangu kapata kitukuu, mimi nikae?" Akakata mkungu wa mshare, ndizi za kupika, Mama akajaza maziwa mgando, tukaondoka wanawake sita na vikapu. Niliogopa. Kwenye kidaraja Bariki akaanza utani wake: "Sogezeni mawe, Umoja wa Mataifa unapita!" Bibi akamwambia, "Wewe niliyekuogesha, nipishe." Kule ng'ambo kijana mmoja akauliza tunakwenda wapi. Bibi akasema tunakwenda kumwona mzazi. Yule kijana akatoka njiani, Shangazi. Akamshika Bibi mkono asiteleze. Hawa ndio waliovunjana mikono.

Ndani ya nyumba ya mzazi mwanamume haingii. Tulipika mtori wa ndizi na nyama, Rachel akala, mtoto akazungushwa mikononi mwa kila mmoja. Wakaanza kuongea mambo ya kunyonyesha, na sijui ilikuwaje, yakageuka kuwa mambo ya maji. Bibi Penina akasema nepi za mtoto zinafuliwa kwa maji ya kununua. Mama mmoja wa kwetu akasema nyanya zake hazihitaji maji kila siku, ni ubishi wa mume wake tu. "Wa kwangu ubishi wake ni wa kurithi," akasema mwingine, wakacheka mpaka mtoto akashtuka. Kabla mtori haujaisha walikuwa wameshagawana siku: Jumanne na Ijumaa maji yateremke. Hakuna aliyesema "tumekubaliana." Bibi akasema tu, "Basi, kila mtu anajua pa kuongelea."

Wiki iliyofuata wanaume wetu walikaa kikao cha mfereji, na mmoja akatoa wazo, kama lake, kwamba Jumanne na Ijumaa maji yashuke. Wote wakaona ni la busara. Habari ilipoletwa nyumbani Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata macho.

Maji yanashuka tangu hapo!

Nilimweleza Ludovick kila kitu. Niliongea, Shangazi, kwa sauti, wote wakasikia. Nilikuwa nimepiga picha ya akina mama na vikapu kwenye kidaraja kwa simu ya ofisi. Ludovick alisimama. Alisema hii ndiyo kazi yenyewe, na kwamba wataweka kwenye ukurasa wa shirika. Tena kuna nafasi ya mwaka mmoja ya vijana wasuluhishi, Addis Ababa, mafunzo na posho kamili. Wafadhili watakuja Arusha mwezi wa tatu kuchagua, na anataka nikasimulie mbele yao. Mimi! Nimefurahi mpaka nashindwa kulala vizuri.

Tabea wako

*

Bor
29 Desemba 2024

Tabea mwanangu,

Marahaba, na heri ya Krismasi iliyopita. Barua yako ilikuja na Fransiska jana. Mpe mama yangu pole ya goti. Mpe Mama Bariki hongera ya ndama.

———

Nimesoma chini ya mstari mara nyingi. Nimelia kidogo kwa furaha. Miaka yote hii nimekaa kwenye mahema yenye viyoyozi nikitafuta kitu mfano wa kile kilichotokea jikoni kwa Mama mdogo Penina.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, na Mungu aifikishe barua hii haraka. Ondoeni ile picha. Kama bado haijawekwa, isiwekwe. Wale wanaume wameteremsha maji kwa sababu wazo ni lao. Siku wakisoma kwamba liliamuliwa na wake zao kwenye sufuria ya mtori, litakuwa si lao tena, na itabidi walikatae ili wabaki wanaume. Na wale vijana walipisha kwa sababu mnakwenda kumwona mzazi tu. Ikiwa mnakwenda na jambo lingine, basi ninyi ni wajumbe, na wajumbe hukaguliwa.

Hujakosea kufurahi. Ila mwambie Ludovick leo.

Shangazi

*

Nkoasiru
26 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Desemba niliipata Usa Jumatatu hii. Nyumbani ni wazima. Ndama ananyonya. Baba alirudi akaondoka tena. Bibi yupo.

———

Ilichelewa. Ukurasa uliwekwa kabla ya Krismasi. Kichwa chake kilikuwa "Vikapu vya Amani", na jina la kijiji, na picha ya Bibi mbele kabisa na mkungu wake. Mtu aliupiga picha kwenye simu, ukazunguka kwenye makundi ya wasapu ya juu na ya bondeni. Ludovick aliufuta nilipolia mbele yake, lakini zile nakala zinatembea bado.

Kwenye kikao cha mfereji mmoja alimuuliza baba mdogo, "Leo mkeo ametuma nini?" Wakacheka. Yule mwenye wazo la Jumanne na Ijumaa akatoka nje, na jioni hiyo hiyo banio likafungwa. Tangu Mwaka Mpya halijafunguliwa hata siku moja. Mama mmoja kati ya wale sita amepigwa na mumewe. Sitamtaja.

Jumamosi iliyopita Bibi alitaka kushuka tena kwa Rachel. Nilimwambia asiende, na sikuweza kumwambia kwa nini. Tulipofika kidarajani Bariki hakutania. Vijana wa bondeni wakasema, "Vikapu chini." Bibi alidhani amesikia vibaya. Wakarudia. Kijana yule yule aliyemshika mkono asiteleze ndiye aliyefungua kikapu chake, akatoa ndizi moja moja, akaangalia chini ya majani kama kuna simu. Akasema, "Samahani bibi, tunaambiwa mnatumwa." Bibi alirudisha ndizi kikapuni mwenyewe. Akageuka. Njia nzima goti lile lilimfanya apumzike mara kwa mara, na hakutaka nimshike.

Bibi na Bibi Penina huwa wanaonana kwenye uzazi na kwenye msiba tu. Mmoja wao akifa sasa?

Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Bibi aliomba aonyeshwe ile picha. Akaitazama, akasema, "Nimeonekana mzee." Basi. Afadhali angenipiga.

Ludovick bado anataka nikasimulie kwa wafadhili. Anasema simulizi ni ya kweli, maji yalishuka kweli. Anasema hali ya fedha ni mbaya kila mahali, ofisi nyingi zimeambiwa zisimamishe kazi, na bila simulizi hii na sisi tunafungwa. Ana watu saba wanaomtegemea pale. Si mtu mbaya. Nifanye nini? Tafadhali usichelewe.

Tabea

*

19 Februari 2025

Tabea,

Marahaba. Wasalimie wote. Nina kazi nyingi, naandika kwa haraka.

———

Pole mwanangu. Nenda kasimulie. Najua niliandika mengine mwezi wa kumi na mbili, lakini kilichoharibika kimeshaharibika, na kukaa nyumbani hakutalifungua banio. Nafasi ya Addis ni mlango. Hujui milango hii ilivyo migumu, na sasa inafungwa kwa makundi. Watu wenye miaka kumi na tano kazini wamepewa barua ya mstari mmoja. Ukipata pa kuingia, ingia. Badilisha jina la kijiji, usionyeshe sura, vaa vizuri, ongea polepole. Mambo ya mama yangu niachie.

E.

*

Nkoasiru
24 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mvua za kwanza zimegusa mlima, huku chini bado. Bibi anakula kidogo. Mama anakusalimu.

Leo sikupiga mstari, kwa sababu yote ni yetu wawili.

Barua yako haikuwa na jina la mahali. Iliandikwa Jumatano na Ijumaa nilikuwa nayo mkononi. Dada wa duka la dawa alisema imeletwa na bodaboda kutoka mjini, na huyo huyo ndiye nitampa hii. Nilipomwambia Mama aliendelea kupepeta mchele. Halafu akasema, "Nilimwona wifi yangu kule Arusha, Kwa Mrombo, sokoni, wiki mbili zilizopita. Anachagua nyanya." Nikamuuliza kwa nini hakukuita. Akasema, "Alikuwa amejifunga kanga usoni kama hataki jua, na jua halikuwepo. Mtu akijificha hivyo unampisha." Hajamwambia Baba. Hajamwambia Bibi.

Sikuulizi chochote. Nakueleza tu kwamba tunajua, ili usiendelee kuchoka.

Sasa jambo langu. Bibi Penina ametuma neno kupitia mama muuza ndizi wa Usa. Neno lenyewe ni hili: "Aliyeitoa nyumba yangu nje, aje aingie ndani." Mama alinieleza maana yake. Mtoto wa Rachel hajatolewa nje bado, na kwa mila yetu mama yake amekaa ndani miezi yote hii. Bibi Penina anataka nikahudumie uzazi: nifue, nichote maji, nipike mtori, nimwogeshe mama na mtoto, mpaka siku watakapotoka. Bila simu. Bila kupanda huku. Anataka watu wa kule wanione kila siku na beseni la nepi kichwani, mpaka wachoke kuniona, na ile nyumba irudi kuwa nyumba ya mzazi tu. Anasema haahidi kitu. Hajui kama vijana watakubali Bibi avuke tena.

Mkutano wa wafadhili ni tarehe 14 Machi. Nikishuka sitakuwepo.

Nilikwenda kwa Ludovick. Safari hii sikusimama mlangoni. Nikamwambia sitasimulia, na kwamba naomba picha isitumike. Akaniuliza, "Mheshimiwa, unajua unaacha nini?" Nikasema najua. Akasema picha ni ya ofisi. Nikasema, uso ni wa bibi yangu. Alivua miwani akajisugua macho kwa muda. Aliniambia nikabidhi simu.

Wewe umesema niende Addis. Najua ni kwa kunipenda. Lakini nahisi barua ile iliandikwa na mtu mwenye hofu, na zile za Bor ziliandikwa na shangazi yangu. Kama nimekosa adabu nisamehe. Nikisimulia vizuri nikapata kazi ya kuzuia ugomvi, huku nyumbani wakihesabu vikapu vyetu, hiyo kazi nitaifanya kwa mdomo gani?

Nashuka Jumamosi. Naogopa sana.

Tabea

*

Kwa Mrombo
27 Februari 2025

Tabea mwanangu,

Marahaba.

Ni kweli, niko hapa tangu mwanzo wa Februari. Walituita hemani asubuhi, wakatusomea kwamba kazi imefungwa, na jioni tukapanda ndege. Kule Bor tulikuwa tumewakalisha chini wazee wa kambi mbili za ng'ombe, zilibaki siku chache wapeane mikono. Hatukuwaaga. Nikilala nawaona wamekaa wananisubiri.

Nilipanga chumba hapa nikisema nitakaa wiki moja, nipate kazi nyingine, ndipo nipande nyumbani na begi na zawadi kama siku zote. Sijapata. Kila ninayempigia naye anatafuta. Sikujua ningeingiaje getini kwa mama nikiwa mikono mitupu. Yeye huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anapatanisha mataifa.

Barua yangu ya mwisho ichome. Iliandikwa na mtu mwenye hofu, umesema sawa, na hujakosa adabu.

Nenda. Vaa viatu visivyoteleza.

Shangazi yako Elieshi

*

Bondeni, kwa Bibi Penina
23 Machi 2025

Shangazi Elieshi,

Shikamoo. Barua hii inapanda na mama muuza ndizi. Rachel ni mzima, amenona, anasema mtori wangu ni mwepesi kama wa hospitali lakini anamaliza. Mtoto ana meno mawili yanataka kutoka, ananing'ata kidole. Bibi Penina anaamka kabla ya kila mtu ili apate wa kumwamsha.

Siku ya mkutano wa wafadhili nilikuwa kisimani nafua. Sijui Ludovick alisema nini wala kama alionyesha picha. Mama ametuma neno kwamba kuna kijana mwingine wa ofisini amepata ile ya Addis. Nilijificha nyuma ya zizi nikalia, kisha Rachel akaniita, mtoto kajisaidia. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Bado naitaka kazi hiyo. Nikiwa nasuuza nepi napanga maneno ya maombi ya mwakani, kwa Kiingereza, kwa sauti, na mbuzi wanasikiliza.

Wiki za kwanza wasichana wa hapa walinicheka njiani: "Leo hupigi picha? Tusimame wapi?" Nilipita na beseni langu. Majibu mazuri nilikuwa nayo mengi. Kijana mwenye mkono uliovunjika ni jirani, mkono umeunga vibaya, hawezi kuinua ndoo. Sasa ananipisha kisimani nikiwa na beseni. Maji ya mfereji hayajashuka, na mvua nayo inasitasita. Sijui watafungua lini. Labda mimi sitaona.

Lakini jana jioni Bibi Penina alikwenda mwenyewe kidarajani na kiti chake, akakaa katikati ya wale vijana. Wakamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nawatazama ninyi mnavyotazama." Akakaa mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiona aibu ya kukagua watu mbele ya bibi yao. Amesema Jumamosi atakaa tena, kuanzia asubuhi. Hajasema kwa nini. Mimi nimeelewa, na hakuna aliyeandika popote ila mimi hapa, kwako tu.

Kwa hiyo naomba uje nyumbani kabla ya Jumamosi. Bibi goti linamsumbua, hawezi kushuka peke yake, na Mama hawezi kubeba mkungu na kumshika yeye kwa pamoja. Anahitaji binti yake. Usilete begi. Usilete zawadi, wala usijieleze, hakuna atakayekuuliza. Nimemwomba Mama awakataze. Kata mshare ule wa nyuma ya jiko, umeshakomaa. Ukifika kidarajani, wewe uliyeongea na makamanda, nyamaza. Mwache Bibi ajibu.

Mtoto ana jina la kliniki tu. La nyumbani hawajampa. Kila nikiuliza, Bibi Penina anasema dada yake ndiye wa kumpa, na anatazama njia.

Tabea